Siku Niliyomsilimisha Bi Liri

Kosa langu kubwa la kwanza, lile ambalo nikilikumbuka hadi leo masikio hupata moto, nililifanya nikiwa na miaka kumi. Nilimsilimisha mwanamke mzima bila yeye kuwa na habari. Sikumtamkisha shahada wala sikumpeleka msikitini. Nilitumia duara moja lililopakwa rangi ndani ya kitabu cha maktaba, nikarudi nyumbani nikatangaza kwamba mambo ni hivyo, na watu wazima wakaishi na tangazo langu kwa miezi saba.

Kwa miaka mingi nilijidai nimesahau. Halafu mwezi uliopita nilikuwa napanda ngazi za jengo ninaloishi sasa, dakika chache kutoka kituo cha Rayners Lane, harufu ikanisimamisha: siki inachemka, na ndani ya siki mna maganda ya vitunguu. Si harufu ya kupendeza. Hukwaruza koo, na hukaa kwenye nguo kutwa nzima. Nilisimama pale na chupa ya maziwa mkononi mpaka jirani wa chini akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa. Kwa kweli nilikuwa Southall, ghorofa ya tatu, na sare ya shule mwilini, mlangoni kwa Bi Liri.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili msije mkaligundua wenyewe mkanicheka. Kiswahili hiki nimejifundisha ukubwani, kwa kamusi ya mitumba na kwa kumsumbua mama kwenye simu. Nilipokuwa mdogo mama alinisemesha Kiswahili cha Mombasa, nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama walivyofanya watoto wote niliowajua. Kila sentensi hapa nimeiandika mara tatu, nyingine mara saba. Palipokosewa, nisitirini.

Tulikuwa wawili kwenye flati yetu, mama na mimi. Baba alikuwa Mombasa akingoja viza, na picha yake ilikuwa juu ya televisheni, amevaa kofia ya vito, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa, njoo wiki ijayo. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Aliwaogesha wazungu wakongwe, akawalisha, akawasikiliza wakimwita kwa majina ya binti zao. Shifti alizopewa zilianza mchana na kumalizika saa mbili usiku. Mimi nilitoka shule saa tisa na nusu. Hapo katikati ndipo palipokuwa na shimo, na shimo hilo lilizibwa na Mama Mkubwa Rukia.

Mama Mkubwa alikuwa dada wa mama, mkubwa kwa miaka kumi na miwili, na aliishi Kenton, mabasi mawili kutoka shuleni kwetu. Alikuwa mtu mwema. Naandika hivyo kwanza kwa sababu yatakayofuata hayatamsaidia. Makochi yake yalikuwa yamevishwa plastiki, wakati wa baridi yakikugandisha mapaja na wakati wa joto yakikushika usiweze kuinuka. Alinisomesha sura fupi fupi huku akikaanga, na nikiteleza herufi moja alinirudisha mwanzo. "Rudi," alisema, bila kugeuka. Mtoto mwingine angerudi akasahau. Mimi nilikuwa mtoto aliyelia kwa kupata tisa juu ya kumi. Nilifika Kenton nikizirudia sura kimoyomoyo, nikaondoka Kenton bado nikizirudia.

Mwisho wa Agosti mlango unaotazamana na wetu ulipata mpangaji. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba vitu maishani mwake, na nywele fupi za kijivu. Mama alimpelekea chai ya tangawizi siku ile ile, maana alikuwa na msemo wake asiouchoka: heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Yule jirani akaupokea ule mkebe wa chai, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Jina lake Liri, akasema. Kwao ni Albania. Ana mtoto mmoja, Arben, dereva wa malori, keshakuwa mtu mzima. Yeye hushona mapazia nyumbani, na kwa hiyo yupo tu, mchana wote yupo.

Mama alirudi ndani akafunga mlango polepole. Nilijua anawaza nini. Nami niliwaza hicho hicho, kwa nguvu mara mbili.

"Swaleh," akasema. "Hebu nitizamie kwenye vitabu vyako. Hao Waalbania ni watu gani? Ni Islamu? Yuwala nguruwe huyo?"

Lazima mjue kwamba katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa macho ya kusoma. Barua za kaunsili, fomu za daktari, karatasi za shule, zote zilipita kwangu, nami nilizieleza kwa sauti ya wakili. Sikuwahi hata mara moja kumwambia mama "sijui". Nilipokutana na neno nisilolielewa nililipa maana palepale na kuendelea. Aliniamini, na kuaminiwa kule kulinipendeza kuliko peremende.

Basi nikaenda maktaba. Katika kitabu kinene cha nchi za dunia niliipata Albania, nchi ndogo ya Balkani inayotazamana na Italia, ndogo kiasi kwamba ncha ya kidole changu iliifunika yote pamoja na bahari kidogo. Chini ya ramani palikuwa na duara la dini. Kipande kikubwa kilikuwa cha kijani: Waislamu. Kando yake kipande cha buluu cha Waorthodoksi, na cha manjano, chembamba, cha Wakatoliki. Nilitoa bikari nikalinakili. Rangi ikavuka mstari, nikaanza upya. Nililichora mara sita. Jioni nilimwonyesha mama lile la sita.

"Ni Islamu," nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha uhakika.

"Kitabu kimesema?"

"Kitabu kimesema."

Alilitazama duara lile kama hati ya shamba. Kwenye mawazo yangu hapakuwa na uongo hata chembe. Kijani ndicho kikubwa, Bi Liri anatoka huko, kwa hiyo Bi Liri ni kijani. Na nyuma ya hesabu hiyo, nikiri, palikuwa na makochi ya plastiki ya Kenton, ambayo yalinisukuma nisome haraka.

Jumatatu iliyofuata nilianza kwenda kwa Bi Liri.

Sijui niwaelezeje furaha ya alasiri zile. Flati yake ilikuwa na mpango sawa na yetu, ila imegeuzwa, kama kuingia nyumbani kwako kupitia kioo. Cherehani ilinguruma sebuleni na vitambaa vya mapazia ya watu vilijaa kila mahali; nilifanya kazi zangu za shule chini ya meza, ndani ya hema la maua ya zambarau. Alinipa chai ya majani ya milimani kwao, yenye harufu ya nyasi zilizokauka, na mkate wa tabaka tabaka wenye mchicha na jibini uliochuruzika siagi vidoleni. Aliniita shpirt, yaani roho. Nilipokosea hesabu nikaanza kufuta mpaka karatasi ikatoboka, aliondoa mguu kwenye cherehani, akaichukua ile karatasi, akalitazama lile tundu, akasema, "Sasa ina dirisha." Akanirudishia.

Mama alimwita Bi Liri, kama tunavyoita watu wa heshima kwetu, naye akakubali Bi hiyo kama zawadi. Alimwita mama "Bi Mwanaisha", akilitamka jina polepole, kila silabi na zamu yake.

Ramadhani iliingia Septemba hiyo. Mama aliacha tayari mbaazi za nazi, mahamri na kaimati kabla ya kwenda kazini, na sahani moja ilikuwa ya Bi Liri. Sahani haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na zabibu, na pilipili zilizojazwa wali, na mara moja na soksi mbili za sufu alizonifumia. "Waona?" mama alisema. "Mtu wa dini hajifichi." Siku ya Idi Bi Liri alibisha asubuhi na mapema akiwa na sinia ya baklava, akatupa mkono wa Idi kwa lugha yake, na mama akatokwa na machozi kidogo, maana ilikuwa Idi ya pili bila baba. Na siku za Ashura zilipofika alituletea bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari, lozi na tini. Kwao, akasema, hupikwa siku hizo na kugawiwa majirani. Duara langu lilikuwa linazidi kung'aa.

Ila kulikuwa na mambo mengine, na hayo niliyaona mimi peke yangu. Ramadhani ile ile Bi Liri alikuwa akinywa kahawa saa kumi mchana mbele yangu. Nikaamua ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa. Sikumwona akisali. Nikaamua husali nikiwa shuleni. Na juu ya rafu yake, nyuma ya nyuzi, palikuwa na picha ndogo ya mbao, imepakwa rangi ya dhahabu, ya mwanamke aliyejitanda mtandio amempakata mtoto. Hii ilinitisha kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaamua ni bibi yake. Amevaa mtandio vizuri, nikajiambia, mpaka kwenye paji la uso, kuliko hata Mama Mkubwa.

Nayasimulia haya nikicheka, lakini wakati ule sikucheka. Kila alasiri nilikuwa nikiziba ufa mmoja na kuona mwingine.

Alhamisi moja ya Aprili nilifungua mlango wake nikakutana na ile harufu. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni, ndani yake maji mekundu kama kutu. Bi Liri alikuwa amevaa aproni na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Wiki nzima, akasema, alikuwa akiomba maganda ya vitunguu kwenye duka la mboga la chini, kwa yule Mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa Kisumu.

"Ameniambia kitu kwa lugha ya mama yako. Amecheka. Amenipa mfuko mzima."

Nilijua alichosema, maana mzee yule alikuwa amemwambia mama vilevile juzi yake, kwa Kiswahili cha Kisumu: "Huyo mama jirani yako ni mtu wa aina gani? Kitunguu hataki, anataka nguo zake tu!"

Bi Liri akaingiza kijiko kwenye sufuria akatoa yai. Lilikuwa jekundu, jekundu zito la damu ya mzee. Akalipaka mafuta kwa kitambaa mpaka likang'aa, akaliweka kiganjani mwangu. Bado lilikuwa na moto.

"Jumapili ni Pasaka," akasema. "Yetu huja wakati wake."

Nikamwuliza, na sauti yangu nikaisikia ikitoka mbali, "Wewe ni Mkristo?"

"Mama yangu alikuwa. Wa Orthodoksi. Baba alikuwa mtu wa Bektashi, Waislamu wa tarika. Ile ngano tamu ni ya kwao."

"Lakini kitabu kimesema..."

"Kitabu gani?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na lile duara kwenye begi, ndani ya mfuko wa plastiki lisikunjike. Akavaa miwani ya kushonea, akalilaza duara langu juu ya meza, akaniuliza, "Mimi niko wapi hapa?"

Nikaweka kidole kwenye kijani.

Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu nikauona uso wake ukibadilika, kidogo kidogo.

"Umemwambia mama yako nini, shpirt?"

Nikamwambia yote. Swali la nguruwe, maktaba, bikari, Kenton. Aliniacha nimalize. Nilipomaliza nikaingiwa na hofu kubwa zaidi, nikaanza kufanya biashara: aseme tu kwamba ni Mwislamu, si milele, mpaka nitakapoingia sekondari. Mimi nitamfundisha. Kuna sura fupi, nazijua zote, nikikosea narudi mwanzo.

Bi Liri akaligeuza lile duara upande usio na kitu.

"Nimeshaishi mahali ambapo mtu mwingine aliandika mimi ni nani," akasema. "Sitaki tena. Hata kwa kijani kizuri namna hii." Halafu akasema, "Mama yako ananipa chakula chake na mtoto wake. Nimekuwa nikila kwa jina ambalo sikujipa. Jumapili nitakuja na mayai. Kabla ya hapo umwambie. Wewe, si mimi."

Siku tatu zilizofuata ni kati ya ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Niliandika barua. Niliandika rasimu nne, na katika kila rasimu nilianza na maneno "Kuna uwezekano kwamba kitabu", nikizichana moja baada ya nyingine. Ijumaa mama alirudi amechoka. Jumamosi alirudi akiimba, na sikutaka kumkatiza. Niliona mbele yangu mabasi mawili kila siku, na cherehani ikinguruma bila mimi.

Jumapili mchana alikuja Mama Mkubwa Rukia, akaketi na juisi ya ukwaju, akaanza habari za harusi ya mtu. Mlango ukabishwa. Mimi ndiye niliyeufungua.

Bi Liri alikuwa amevaa gauni la buluu na hereni. Mikononi alishika sahani yetu, ile ya maua ya waridi, na juu yake mayai sita mekundu. Alinitazama usoni, akajua. Mama naye alikwisha fika nyuma yangu, na nyuma ya mama, Mama Mkubwa, ambaye alikuwa na pua kali na macho makali zaidi.

"Ni nini hayo?" Mama Mkubwa akauliza.

Hapo likatokea jambo la ajabu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili. Sikufanya kwa mapenzi ya lugha. Nilifanya ili Bi Liri asielewe. Lakini ilikuwa mara ya kwanza nimwambie mama sentensi nzima kwa lugha yake, na nakumbuka alivyonigeukia.

"Mama, mimi sikujua," nikasema. "Mimi nilisoma tu rangi. Sikumwuliza yeye. Mama yake Mkristo, baba yake Islamu, yeye sijui."

"Astaghfirullah!" Mama Mkubwa akaweka glasi chini. "Mayai ya Pasaka! Nilikwambia mimi, Mwanaisha. Sikukwambia? Mzungu ni mzungu. Miezi yote hii mtoto yuwala kwake! Kesho aje Kenton."

"Da Rukia, ngoja," mama akasema.

"Ningoje nini? Mpaka aje na msalaba shingoni?"

Mama aliipokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati la viatu. Kisha akamwambia Bi Liri, kwa Kiingereza chake cha kazini, cha polepole na adabu, "Naomba nione jikoni kwako."

Tukavuka ujia wa kati ya milango yetu, wanne, kama watu wanaokwenda kutambua maiti.

Kwenye mlango wa friji ya Bi Liri palikuwa na karatasi. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Siku yangu ya kwanza kwake aliniuliza ninakula nini na sili nini, nami, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nilimwandikia orodha yenye namba: nguruwe, jelatini, peremende aina tano kwa majina, siki ya mvinyo, na mengine, jumla kumi na manne, kwa mwandiko wangu bora, na mstari chini ya kila neno. Pembeni ya kila namba Bi Liri alikuwa ameandika kwa lugha yake. Aliinama akafungua kabati la chini akatoa sufuria na kikaango vilivyofungwa kwenye mfuko safi, na mfuko umefungwa uzi mwekundu.

"Hivi vya Swaleh," akasema. "Havijapikiwa kitu kingine. Nyama nanunua kule kwenye bucha yenu. Nyumbani kwa bibi yangu kulikuwa na vyungu viwili, cha upande wa mama na cha upande wa baba. Wageni wakija, kila mtu anajua chungu chake. Mimi nilidhani kila mahali wanafanya hivyo."

Mama alikishika kile kikaango. Alikipindua akatazama chini yake, nadhani bila kutafuta kitu. Akasema kwamba kwao Mombasa, jirani Mkristo akiwa na harusi humwita Mwislamu aje amchinjie kuku na mbuzi, ili kila aliyealikwa ale. Babu yake mzaa mama alikuwa akiitwa hivyo kila Desemba, na alikuwa na kisu chake maalumu.

"Kisu na kikaango," Bi Liri akasema.

"Kisu na kikaango," mama akasema.

"Na siki?" Mama Mkubwa akauliza kutoka mlangoni, maana hakuwa ameingia. "Hiyo siki inayonuka, ni ya mvinyo?"

Mama akatafsiri. Bi Liri akaweka kidole kwenye friji. "Namba tisa," akasema. "Nimetumia ya shayiri."

Mama Mkubwa akavua viatu akaingia. Ule mkate wa tabaka aliutafuna akiutazama kama anayekagua pasipoti, akamaliza vipande vitatu, na akasema kwamba chumvi imepungua.

Jioni mama aliniketisha kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila adhabu isipokuwa ile ya kusemeshwa taratibu.

"Kitabu chako hakijakosa," akasema. "Wewe ndiye uliyemsemea mtu. Ungenambia hujui, ningekwenda nikamwuliza. Mimi nina mdomo, na yeye ana mdomo. Usilolijua ni usiku wa kiza, mwanangu, na hakuna aibu kuomba taa." Halafu akatoa hukumu: ningebaki kwa Bi Liri, ila Ijumaa ningekwenda Kenton, kwa sababu Mama Mkubwa naye ana moyo. Na kesho nikamwombe Bi Liri radhi, kwa mdomo, si kwa barua.

Nilimwomba radhi nikiwa chini ya meza, kitambaa kikiwa kimenifunika uso. Cherehani ikanyamaza. Nikamwuliza basi yeye ni nani hasa, niandike vizuri safari hii.

"Sijui kama nina jibu la kujaa kwenye duara," akasema. "Pasaka nachemsha mayai kwa ajili ya mama. Ashura napika ngano kwa ajili ya baba. Kusali, nasali Arben akiwa na lori barabara kuu."

Kisha akanisimulia jambo ambalo nililisikia kama hadithi tu ya nchi ya mbali. Alikuwa mtoto wa shule, kama mimi, serikali yao ilipofunga misikiti na makanisa yote, ikapiga marufuku dini. Bibi yake aliendelea kuchemsha mayai kwa siri na kuyafukia maganda bustanini. Siku iliyofuata Pasaka mwalimu aliingia darasani na kuuliza, kwa upole, nani jana amekula yai jekundu nyumbani.

"Mimi nilipenda majibu sahihi," Bi Liri akasema. "Nikanyoosha mkono."

Bibi yake aliitwa kuhojiwa. Alirudi baada ya siku mbili, hakumgombeza. Ila hakuchemsha tena mayai mpaka alipokufa.

Nilitoka chini ya meza. Yeye akaendelea kushona. Nadhani nilimwuliza kama kuna mkate umebaki.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichoambiwa alasiri ile. Sasa nafanya kazi ya kutengeneza chati, hata mnicheke. Nilijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta ya maktaba, na leo ofisi moja ya makazi hunilipa nigeuze watu kuwa vipande vya rangi. Miaka minne iliyopita nilikitafuta kile kitabu cha nchi za dunia, nikakipata. Chini ya duara, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kilikiri kwamba hesabu zake ni za zamani, za kabla ya dini kupigwa marufuku. Onyo lilikuwepo. Mtoto aliyechora duara mara sita hakuwa ameisoma ile mistari miwili. Nilikaa sakafuni pale maktaba, nikangoja aibu inikamate kama kawaida. Badala yake nilimfikiria msichana mmoja darasani, mkono juu, akisubiri kusifiwa. Ndipo nilipojua kwa nini Bi Liri hakukubali kunisemea, na kwa nini hakunikasirikia.

Bi Liri sasa anaishi na Arben, mbali kidogo na London, na yeye na mama huzungumza kwenye simu kila Jumapili, kila mmoja kwa Kiingereza chake. Baba alikuja. Mama haendi tena shifti za jioni. Mama Mkubwa bado anasema chumvi ilipungua.

Na mimi bado huandika kitu mara saba, bado huamka nikiwaza koma. Lakini siku hizi nisilolijua nasema sijui, na la mtu namwuliza mwenyewe.